Sanduku Nyumbani kwa Karani

Mtaani kwetu Garissa hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa Karani, na walio wadogo kwake walimwita Habaryar, yaani mama mdogo kwa Kisomali, hasa wakitaka kitu. Alipostaafu cheo kilibaki ofisini lakini jina akaja nalo nyumbani. Habari za kuzaliwa kwake na ukoo wake sitazigusa. Wapo wanaozijua, na kwao hizo ni habari za kusimuliwa kwa mpangilio na heshima, si za mwalimu kutoka Mwingi kuzibabaisha. Mimi namjua kwa mambo ya uani: kwa spana, kwa mkeka, na kwa sanduku moja lililokaa chumbani kwake miezi minne bila kufunguliwa, huku sote tukijua kwamba lisipofunguliwa hatatoka tena katika nyumba ile kwa nguvu zake mwenyewe.

Alikuwa karani wa stoo katika ofisi moja ya mifugo. Siku moja zikaletwa baiskeli za wahudumu wa mifugo wa Ijara na Sangailu, zote zikiwa vipande vipande ndani ya masanduku. Wakubwa walitia sahihi, wakapigwa picha kando ya masanduku, wakaenda zao. Ikasemekana fundi yuko njiani kutoka Nairobi. Fundi hakuja. Wahudumu walikuwa wamekaa nje kivulini wakingoja, na yeye alikuwa na fomu inayomtaka aandike kwamba wamepokea baiskeli.

"Niliambiwa andika baiskeli," alinisimulia. "Mimi naona karatasi na chuma. Sasa niandike uongo?"

Basi akafungua sanduku la kwanza, akatoa kijitabu cha maelezo, akakisoma chote kabla ya kugusa nati. Ya kwanza ilimchukua siku nzima. Ya mwisho aliiunga kati ya adhuhuri na alasiri. Wahudumu wakapakiza baiskeli zao juu ya lori zikiwa nzima, na tangu siku hiyo, mtu yeyote wa mtaani aliyeletewa baiskeli mpya kwa basi alikuwa hakati hata utepe wa sanduku kabla ya kumwita Karani.

Alikuwa na taratibu zake, na hazikupunguzwa kwa mtu. Baiskeli huungwa nyumbani kwa mwenyewe. Hutandikwa mkeka. Vipande hutolewa na kupangwa kwa mfuatano wa kijitabu, na nati zote huwekwa kwenye kisosi cha chai ambacho hakuna anayeruhusiwa kukisogeza. Halafu alisoma. Alisoma maneno yote kwa sauti, akiyageuza kwa Kisomali, na nikiwepo mimi akiyageuza tena kwa Kiswahili, pamoja na maonyo ambayo watengenezaji waliwaandikia watu wa nchi nyingine kabisa. Kuna mzee mmoja kutoka Rhamu, mwenye shamba la vitunguu kando ya mto Daua, aliyekuja kumnunulia mkewe unga akaishia kununua baiskeli. Karani alimsomea kwamba asiiendeshe kwenye theluji. Mzee akauliza theluji ni nini. Karani akaweka kijitabu chini akamweleza kwa kirefu, na mzee akaahidi kwa uzito wote kwamba hataiendesha humo. Mimi nilikuwa nimejifunika mdomo kwa leso. Wao wawili hawakucheka hata kidogo.

Pedali alianza na ya kushoto. Kwa watu ambao huingia nyumbani kwa mguu wa kulia, hula kwa mkono wa kulia na huanza kuvaa upande wa kulia, jambo hilo halikupita bila kusemwa. Sababu yake ilikuwa ya kifundi: pedali ya kushoto hukazwa kwa kuzungushwa kinyume na nati nyingine zote, na mtu akishaizoeza mikono yake kwenye ya kulia, akifika kushoto hulazimisha akaharibu meno ya skrubu. Lakini hakuwa na desturi ya kujitetea. Shehe mmoja mwenye umri alimkemea mbele za watu, "Karani, anza na kulia, kuna baraka." Naye akajibu bila kuinua macho, "Kulia ndio nimeshikia sbana." Shehe akafikiri, akakubali, akaomba chai.

Kiswahili chake cha kuandika kilikuwa safi kuliko cha walimu wenzangu wengi, nami nasema hivyo nikiwa nimesahihisha insha zao za kuombea vyeo. Cha mdomoni kilikuwa cha pale pale, pedali ikiwa bedali na vizuri ikiwa fizuri, na hakuona haja ya kukipamba. Yeye mwenyewe hakuwahi kupanda hata baiskeli moja kati ya alizoziunga. Alizijaribu kwa kuzisukuma uani huku na huku, ameinamisha sikio kwenye mnyororo. Nilimwuliza kwa nini. Akasema wanawake wa rika lake hawapandi, kisha akaongeza kwamba hakuna aliyewahi kumkataza.

Mimi nilifahamiana naye kwa kosa langu. Nilikuwa na miezi michache tu Garissa, nimepanga chumba kwenye ua uliopakana na wake, na nikaletewa baiskeli ya kwendea shuleni. Akaja, akasoma, akaunga. Mpira akaujaza nusunusu. Nilipobonyeza tairi niliona linabonyea, nikajisemea kwamba mama huyu kazi yake ni nzuri lakini pumzi zimemwisha. Alfajiri, kukiwa na ubaridi, nikajaza upepo kama tunavyojaza kwetu, mpaka tairi likawa gumu kama jiwe, nikaegemeza baiskeli kwenye ukuta wa mabati. Ilikuwa Jumamosi. Saa sita mchana jua lilikuwa limekaa juu ya mabati yale tangu asubuhi, na mpira ukapasuka.

Nilitoka nje nikicheka. Mtaa mzima ulikuwa umelala chini. Mwenye duka alikuwa kifudifudi nyuma ya magunia ya mchele, na mama mmoja alikuwa amewalalia watoto wake wawili njiani, amewafunika kwa mwili wake na mikono yake yote. Hakuna aliyekuwa akipiga kelele. Mpaka leo nikikumbuka kicheko changu naona haya.

Karani alikuja akaona tairi. Akasimama njiani akapaza sauti kwa Kisomali kwamba ni mpira, ni mpira wa Mwalimu, si bunduki. Kisha akanigeukia.

"Kwenu mbira ikibasuka watu hufanya nini?"

"Hucheka," nikasema.

"Haya. Leo umeona sisi tunafanya nini."

Hakunikemea zaidi. Alinishika mkono tukaenda nyumba kwa nyumba kuomba radhi, na kila mlango alinisubiri niseme mwenyewe. Katika nyumba ya nne bibi mmoja alikuwa bado sakafuni, hataki kuinuka, na Karani akakaa chini karibu naye, nami nikakaa, tukanywa chai pale pale sakafuni mpaka bibi akataka mwenyewe kukaa kitini. Nilirudi nimechoka kuliko siku ya mitihani. Siku hiyo ndiyo aliyoanza kuniita abaayo, dada, ingawa angeweza kunizaa.

Watu walisema Karani hajui kusema uongo, na hadithi ya ile fomu ilikuwa ushahidi wao. Mimi najua kwamba aliusema, tena mara nyingi kwa siku tatu mfululizo. Ni kipindi kile cha hofu ya mashambulizi dhidi ya walimu wa bara, walipokuwa wakifunga virago wakiondoka kwa kila basi, na mimi nikiwa na homa siwezi hata kusimama. Alinilaza kitandani kwake, yeye akalala kwenye mkeka. Kila aliyekuja kuniulizia, wa heri na asiyejulikana, aliambiwa kwamba Mwalimu ameshaenda kwao. Nilimsikia akisema hivyo kwa sauti ile ile ya kusomea vijitabu. Nilipopona nilijaribu kumshukuru, akaniambia nirudishe blanketi lake likiwa limefuliwa.

Vifaa vyake hakumwazima mtu. Ungeweza kumwomba maji yake ya mwisho ya mtungi, katika wiki ambayo mabomba yamekauka, akakupa nusu na kukusaidia kubeba. Ukimwomba spana alikuuliza ya nini, halafu akaja nayo mwenyewe, akakufanyia hiyo kazi, akarudi nayo. Nilimwambia mara moja kwamba hiyo ni roho mbaya ya aina yake. Akakubali.

Ila kuna jambo moja ambalo bado linaniudhi. Mtu huyu aliyesoma maonyo ya theluji hakusoma karatasi za dawa zake za sukari. Alizikunja akaziweka kwenye kopo. Alipochomwa kisigino na mwiba wa mgunga alikificha kidonda ndani ya soksi, akaendelea kuunga baiskeli za watu ameketi juu ya mtungi uliopinduliwa, na alipokubali kupelekwa hospitali ikawa mguu hauokoleki. Ulikatwa juu ya goti. Nilimkasirikia sana, na kwa kuwa huwezi kumfokea mtu aliyelazwa, hasira ile nilikaa nayo.

Binti yake aliyeko Nairobi akamletea baiskeli ya magurudumu matatu, ile yenye kiti katikati ya magurudumu mawili ya nyuma na pedali za kuzungusha kwa mikono mbele ya kifua. Ilifika kwa basi, ndani ya sanduku. Wapagazi waliiingiza mpaka chumbani kwake. Aliwapa chai, akampigia binti yake simu kumshukuru na kumwombea dua, akaagiza sanduku liegemezwe ukutani kando ya kitanda na litandikwe kitambaa. Kesho yake nilikuta juu yake pana chupa ya chai, vikombe na redio.

"Meza fizuri," akasema.

Miezi minne ilikuwa meza. Wageni walikuja, wakanywa, wakaangalia kitambaa, wakaaga. Alikuwa akikaa kitandani ameelekea ukutani, na mikono yake ilikuwa ikipungua. Niliona kwa jinsi bangili zilivyokuwa zikimteleza. Muuguzi alimwambia mbele yangu kwamba asipojishughulisha na mwili, hata mguu uliobaki una hatari. Binti yake alikuwa akinipigia simu kila Ijumaa.

"Mwalimu, umemwambia afungue?"

"Nimemwambia."

"Mwambie tena. Akikuambia hapana, niambie vile alisema."

Alikuwa hasemi hapana. Alikuwa akisema, "Haye, tutaona," na kunimiminia chai.

Kisha ikaja barua yangu ya uhamisho. Miaka kumi na moja nilikuwa nimeiomba, na iliponijia nikaikunja nikakaa nayo siku mbili bila kumwonyesha mtu. Siku ya kuondoka nilikwenda kwake saa tatu asubuhi. Basi langu lilikuwa la saa nane mchana. Nilimwambia moja kwa moja, kwa sababu kwa Karani maneno ya kuzunguka yalikuwa kupoteza wakati.

"Haye," akasema. "Fungua sanduku."

Niliondoa vikombe na kitambaa upesi, nikiogopa atabadili nia. Nikasema nitalivuta uani, kuna nafasi na mwanga. Akakataa. "Hii ya leo ni ndani. Watu wasione." Nikatandika mkeka sakafuni, nikaleta kisosi. Ubavuni mwa sanduku palikuwa na kifuko cha plastiki cha kijitabu, na kifuko kilikuwa kimechanwa, kitupu. Nilipoinua macho niliona ameshatia mkono chini ya mto na kukitoa. Kurasa zilikuwa zimelegea kwa kufunuliwa. Hakukifungua, alikuwa anakijua chote kwa moyo.

Niliunga mimi, yeye akielekeza kutoka kitandani. Uma wa mbele, akasema, geuza, umeweka nyuma mbele. Mnyororo umekaza sana. Hiyo spana ni kumi na tatu, nimesema lete kumi na tano. Nilitokwa jasho, nikajikata kidole, na nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeitegemea siku ile. Karibu na adhuhuri baiskeli ilisimama kwenye magurudumu yake matatu katikati ya chumba, nyekundu, ikinukia mpira mpya. Nikaisukuma kuelekea mlangoni, nikaona magurudumu ya nyuma yanagonga mwimo wa mlango kulia na kushoto kwa pamoja. Nikarudi nyuma, nikajaribu kwa upande. Nikajaribu kuiinua. Haikupita. Nikamtazama Karani, na uso wake haukuwa na mshangao wowote.

"Sentimita sita," akasema. "Ubana imeandikwa kwa kitabu. Nilichukua futi siku ile sanduku ilikuja, nikamwambia mama jirani afungue futi kwa mlango. Imekosa sita."

"Ulijua?"

"Nilijua. Nilifurahi, Mwalimu. Nilisema alhamdulillahi, nimeona sababu ya kukaa."

Nilikasirika. Hasira ya hospitali na ya hii miezi minne zilitoka pamoja, na nilimwambia mtu mzima maneno ambayo sikuwa nimewahi kumwambia mtu mzima. Nilimwambia binti yake analia kila Ijumaa sikioni mwangu, na yeye amekaa na kijitabu chini ya mto. Nilimwambia kwamba amenitumia asubuhi yangu ya mwisho kuunga kitu ambacho alijua hakitoki. Hakunikatiza. Nilipokwisha alikuwa akiangalia mikono yake.

"Walikata mguu, nikasema sawa," akasema. "Watu kuniona hifi, hiyo sikusema sawa. Wao wananijua nikiwa nimesimama. Na wewe ukikasirika, kasirika, lakini wewe uko na basi."

Niliketi kwenye mkeka nikalia, kwa sababu nilimpenda na nilikuwa naondoka, na kwa sababu alilosema lilikuwa kweli. Baada ya muda nikasikia akisonya. Alikuwa ameinama pembeni ya kitanda akitazama gurudumu la kushoto.

"Hiyo nati imelegea," akasema.

"Nimeikaza."

"Imelegea."

Akanyoosha mkono, haukufika. Kabla sijainuka alikuwa ameshajishusha, mikono kwanza, akakaa sakafuni kwa kishindo, akajivuta mpaka kwenye gurudumu na kuikaza nati mwenyewe. Ilikuwa imelegea kweli. Kisha hakurudi kitandani. Alikaa pale pale akiangalia mlango, na kutoka chini ule ulikuwa mlango wa kawaida, mbao nne na bawaba mbili. Alipitisha macho juu yake kama alivyokuwa akipitisha kwenye kipande cha chuma alichotaka kujua kimeshikwa na nini.

"Ukitoa mbao, unabata ngabi?" aliuliza, akajijibu mwenyewe. "Nane. Lete bisibisi. Na nyundo."

Alijiburura kwa mikono mpaka kizingitini. Alifungua bawaba, nikaushika mlango nikauegemeza ukutani. Halafu akaanza kugonga mwimo, ameketi sakafuni, kipande cha mguu kimenyooka mbele yake, shali imemwanguka mabegani, vumbi la plasta likimwingia kwenye nywele. Kelele ziliwaita majirani. Walisimama uani, wanawake mbele na mwenye duka nyuma yao, wakamwona vile vile alivyokuwa hataki kuonekana. Alijua wapo. Hakuacha kugonga.

"Karani," mwenye duka akaita kwa heshima, ameangalia pembeni, "unafunja nyumba?"

"Nafunja mlango," akasema. "Nyumba iko."

Ubao wa mwisho ulitoka na msumari mrefu. Alijifuta uso, akavuta shali yake akaifunga vizuri. Mimi na mama jirani tulimwinua tukamweka kitini; alikuwa mwepesi kuliko nilivyotaka awe. Akakamata pedali mbili, akazijaribu mbele na nyuma huku akisikiliza, akasema bismillahi. Magurudumu yalipita. Wanawake walimfungulia njia, na yeye akawasalimu mmoja mmoja, akiwataja kwa majina ya watoto wao.

Nilimfuata mpaka katikati ya ua, nikiwa nimeshika mkoba wangu. Ilikuwa imebaki kidogo saa nane ifike. Nilidhani atageuka, tuagane, niende. Akasimama langoni.

"Abaayo, unakwenda wabi? Nyumba haina mlango. Kaa, angalia fitu yangu."

Akazungusha mikono, akaingia barabarani. Basi langu liliondoka nikiwa nimeketi kwenye mkeka, katikati ya vumbi na misumari, nikiangalia vitu vyake kama alivyoniagiza. Adhana ya alasiri iliponikuta pale, alikuwa bado hajarudi.